Saa Moja ya Masaji: Pesa Inaishia Wapi?

Mgeni wa hoteli ya Nungwi analipa laki mbili kwa masaji ya saa moja. Aliyemkanda anaondoka na elfu 30, pengine pungufu. Ukishuka ufukweni, chini ya banda la makuti, akina mama wanakanda kwa elfu 40 na zote zinafungwa kwenye pindo la kanga. Kazi yangu ni kupanga bei na kuandaa hesabu za spa, Unguja na Dar, na swali ninaloulizwa mno ni hilo: zile nyingine zinakwenda wapi? (Bei hizi na zitakazofuata ni za mfano, kila mahali pana zake.)

Wengi hudhani ni mafuta. Masaji ya mwili mzima hutumia mililita 30 hadi 40, kwa hiyo lita moja inatosha watu 25 au zaidi. Hata ukinunua mafuta mazuri ya nazi kwa elfu 25 lita, ni elfu moja kwa mteja. Mashuka na taulo zinakula zaidi. Kila mteja na shuka mbili, taulo tatu au nne, na mafuta hayatoki kwenye pamba kwa maji ya baridi. Hapo kuna sabuni, kuna maji ya moto, kuna mashine ya kukaushia siku za mvua, na tukuza, umeme wa kulipia kabla, inakatika mwezi haujafika nusu. Hata hivyo bado hatujaigusa gharama yenyewe, ambayo ni mikono.

Mwekezaji mpya akija na mchoro wake huhesabu vitanda. Vitanda vinne, spa iko wazi saa 11 kwa siku, basi masaji 44, anazidisha kwa bei na uso unang'aa. Mimi namuuliza ana wakandaji wangapi. Wanne. Basi ni 20, na hiyo ni siku nzuri. Mkandaji anayebonyeza kwa nguvu, kama wageni wengi wanavyotaka, anamudu masaji tano kwa siku bila kujiumiza. Ya sita anaifanya kwa kumwonea haya msimamizi.

Ukitaka kuyaona haya, kaa kwenye chumba cha wafanyakazi saa 12 jioni, Agosti. Aliyechoka ameshaacha kidole gumba tangu mteja wa nne. Anakandia kiwiko na kigasha, na akitoka kupumzika anafungua chupa ya maji kwa kuibana kiganjani, vidole havitaki. Maumivu huanzia kwenye shina la gumba, yakashuka kwenye kifundo cha mkono. Yakifika hapo, matibabu ni pesa, likizo ni pesa, na wateja waliozoea kumtaka yeye kwa jina wanaulizia aliko. Sijawahi kuona hesabu ya spa iliyotenga fungu kwa ajili ya gumba, ilhali kwa kiyoyozi wanatenga.

Tena saa moja si saa moja. Kuna kumpokea mteja, kumwosha miguu, kujaza fomu ya presha, ujauzito na mzio, ndipo dakika 60 za kukandwa, kisha chai ya tangawizi na kutandika upya. Inafika dakika 85 hivi. Masaji tano ni zaidi ya saa saba kamili za kazi, bila chakula cha mchana wala swala.

Halafu kuna masika. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya laki saba, lakini hawakugawana miezi sawasawa. Julai hadi Septemba vitanda havipoi. Aprili na Mei baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Saa ya mkandaji isiyouzwa Mei huwezi kuiweka stoo ukaiuza Agosti. Wenye spa wengi hukimbilia kumlipa kwa kamisheni tupu: umekanda umelipwa, hukukanda shauri yako. Kwenye karatasi inapendeza. Ila Mei hiyohiyo ndipo mkandaji anapopokea simu ya wakala wa ajira wa Doha au Dubai, na Julai ukimtafuta hayupo. Aliyebaki anakanda nane kwa siku. Mimi nasimamia mshahara wa msingi wa mwaka mzima, michango ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar) inalipwa, na kamisheni juu yake inayopanda msimu wa wageni. Waajiri hulalamika kwamba ninawatetea wafanyakazi. Natetea Agosti yao.

Msimu ukilegea, dawa ya kwanza inayowajia watu ni punguzo kubwa. Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Groupon, kampuni ya kuuza kuponi za punguzo mtandaoni iliyoanza Chicago mwaka 2008. Mwenye spa aliombwa akate bei nusu, kisha kampuni ikachukua takriban nusu ya kilichobaki. Masaji ya dola 100 ikauzwa 50, yeye akapata 25. Kwa kiti cha sinema kilicho kitupu hiyo huenda ikakubalika, kwa sababu kiti hakichoki. Kwa mkandaji ni balaa: wateja wa ofa wanajaza saa zake, mikono inaisha, na anayetaka kulipa bei kamili anaambiwa nafasi zimejaa. Wengi wa wale wa ofa hawarudi tena.

Punguzo linalofaa ni la saa, si la bei kwa jumla. Huku wageni wanashinda baharini na kumiminika spa kuanzia saa 10 alasiri, nusu yao wameungua mgongo. Asubuhi saa 3 hadi saa 6 wakandaji wamekaa. Hapo punguza, tena punguza kwa kuongeza kitu, kama vile kukanda kichwa kwa dakika 15, kuliko kuishusha bei iliyobandikwa ukutani. Uanachama wa kila mwezi, aina ile iliyoijenga Massage Envy, mtandao wa spa za Marekani ulioanzia Arizona mwaka 2002, unahitaji mteja mkazi. Masaki, Dar, unawezekana. Kendwa, ambako mgeni anakaa wiki moja, usijisumbue. Na pesa ya vocha au ya kifurushi kilicholipiwa mbele ni deni mpaka mteja akandwe. Ikae kwenye akaunti yake.

Kinachonishangaza ni jinsi tulivyoipuuza dawa iliyo mlangoni. Singo, ile ya waridi, asumini, langilangi na viungo, anayosingwa bibi harusi, inafanya kitu ambacho hesabu ya spa inakililia: mteja anapakwa, analala nusu saa ngozi inyonye, na mikono inapumzika huku saa ikiendelea kulipiwa. Gumba halitumiki sana. Saa moja ya singo na nusu saa ya kukandwa inauzwa kwa bei nzuri kuliko masaji ya saa moja na nusu, na mkandaji anaifanya tena mchana akiwa mzima. Mafuta ya karafuu ya Pemba nayo yapo, ila kwa matone. Ukizidisha yanachoma, hasa ngozi iliyokwisha kupigwa jua.

Lakini hoteli inaleta mkandaji kutoka Bali, inamlipia tiketi, nyumba na kibali cha kazi, na somo (kungwi) wa Makunduchi anayejua singo tangu utotoni hajawahi kuitwa hata kwa chai. Hana cheti. Wathai walilitatua hilo mapema: hekalu la Wat Pho mjini Bangkok lina shule ya masaji tangu 1955, na mwaka 2019 UNESCO ikaiorodhesha masaji yao kama urithi. Karatasi ya Wat Pho inapandisha bei popote duniani. Ya somo wetu haijaandikwa.

Nimebakiza fungu la hoteli, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika zile laki mbili. Spa nyingi za hotelini huendeshwa na mtu mwingine, na hoteli hukata asilimia ya mauzo. Tuseme 40. Soma mkataba uone inakatwa kabla au baada ya VAT. VAT ikiwa asilimia 15 na imo ndani ya bei, bei halisi ni kama 174,000. Hoteli ikikata juu ya 200,000 inachukua elfu 80. Ikikata juu ya bei halisi, elfu 70 kasoro kidogo. Kwa masaji kumi za siku unapoteza zaidi ya laki moja, na kodi ya mauzo yote bado unadaiwa wewe. Mwanasheria atakuuliza mambo mengi kabla hujasaini. Hili mwulize wewe.