Ree na Mbili Mkononi: Dhana Potofu Kuhusu Poka ya Kugawana Dau

Kila nikikaa na mwanafunzi kupitia michezo aliyopoteza kwenye Omaha ya kugawana dau (poka ya karata nne mkononi na tano za wote mezani, nusu ya dau ikienda kwa mkono bora wa juu na nusu kwa mkono bora wa chini), sentensi ya kwanza naijua kabla hajafungua mdomo: "Lakini nilikuwa na ree na mbili!" Imenichosha. Naandika hapa mara moja, anayeuliza tena nitamtumia asome.

Dhana: ukishika ree na mbili, ongeza dau, karata nyingine mbili hazina neno.

Ukweli: hizo nyingine mbili ndizo zinazoamua. Chukua ree ya kopa, 2 ya uru, 9 ya pau na jeki ya shupaza. Upande wa chini (karata tano tofauti za 8 kushuka, mbili za mkononi na tatu za mezani, ree ikihesabiwa moja) huupati mpaka mezani zitoke karata tatu tofauti za kati ya 3 na 8, na hata ukivumilia hadi karata ya mwisho, hilo hutokea kama mara 36 kati ya 100. Isitoshe, katika karata 48 usizoziona, sita ni ree au mbili, na uwezekano wa walau moja kutua mezani ni takriban nusu.

Ikitua, inakuwa hivi. Flopu, yaani karata tatu za kwanza mezani, ni 4, 7 na mfalme; umeshaanza kutabasamu. Karata ya nne ni 2. Hapo 2 yako imekufa: una ree, 2, 4 na 7, nne tu, bado unasubiri ya tano. Jirani yako mwenye ree na 3 keshamaliza: ree, 2, 3, 4, 7, na kwa chini hakuna wa kumzidi. Lau ile 9 ingekuwa 3, mkono huo ungekuwa wako pia.

Haya, tuseme umeupata. Ree na mbili hakuna anayezitupa, kwa hiyo usishangae mwingine akifunua zilezile. Wachezaji watatu, kila mmoja kaweka 100, dau ni 300. Wa juu anabeba 150. Nyinyi wawili mnagawana iliyobaki, 75 kila mtu. Umeshika mkono bora kabisa wa chini na umepoteza 25, tena wewe ndiye uliyekuwa ukiongeza dau!

Ushauri wangu ni uleule, hata kama wengine wananicheka: hesabu michanganyiko. Omaha inakulazimisha kutumia karata mbili kamili za mkononi, na karata nne hutoa michanganyiko sita ya mbili mbili. Mingapi ina kazi? Mkono ule wa 9 na jeki una mmoja wa maana. Ree, 2, 3 na mfalme, ree na mfalme zikiwa kopa zote, una minne. Ree mbili na 2 na 3, kila ree ikiwa na mwenzake wa aina yake (kopa kwa kopa, pau kwa pau), huo ongeza dau bila kuniuliza.

"6, 7, 8, 9 inacheza pande zote mbili." Haichezi vizuri hata mmoja. Ukipata mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, mara nyingi mezani zimeshajaa ndogo na nusu ya dau imeondoka. Mkono wako wa chini nao ni wa kupigwa na kila mtu. Tupa.

"Bila ree usiingie." Hapana. Wafalme wawili na malkia na jeki, wakiwa wawili wa aina moja na wawili wa nyingine, wanafaa kwa bei nafuu. Mezani pasipokuwa na karata tatu tofauti za 8 kushuka, mkono wa chini haupo na dau zima ni la juu. Flopu ikija na ndogo tatu, ondoka.

Na wale wanaoshangilia kupewa malkia watatu: huwezi kutumia watatu! Unatumia wawili, na huyo wa tatu ndiye uliyehitaji atoke mezani. Sasa amebaki mmoja tu kwenye karata zote 48.