Kisakale si ngano

Juzi tena mtangazaji wa redio kaulizwa habari za mumiani, yule anayesemekana hunyonya watu damu, akacheka: "Aa, hizo ngano tu." Nikapunguza sauti.

Kwa kifupi: ngano ni hadithi ya kubuni, na kila aliyeketi kusikiliza anajua imebuniwa. Kisakale husimuliwa kama jambo lililotokea, mahali panapotajika, kwa mtu anayetajika. Sungura na Fisi hawana kaburi. Fumo Liongo, shujaa wa Waswahili, analo, na wenyeji wa Ozi, karibu na Kipini, pwani ya Kenya, watakuonyesha. Vitabu vya shule vya Kenya huita visakale mighani. Ni kitu kilekile.

Shida imo ndani ya neno. Kisa cha kale, ndiyo, lakini hilo "kale" limetuponza: tunadhani kisa kisicho na vumbi hakihesabiki. Wazungu nao neno lao la kisakale liliwapeleka kombo kwa upande mwingine. Kwa Kilatini, "legenda" ni mambo ya kusomwa, kwa kuwa maisha ya watakatifu yalisomwa kwa sauti makanisani. Leo laitwa hivyo jambo linalotembea midomoni tu. Na mumiani je? Neno ni la Kiajemi, jina la dawa nyeusi kama lami, iliyokuja kudhaniwa hutoka kwenye maiti zilizokaushwa. Huku kwetu likawa jina la mnyonya damu, na enzi za ukoloni watu wa Nairobi na Kampala wakawashuku wazimamoto kwa kazi hiyohiyo. Gari la zimamoto lina ukale gani?

Aliyeshika jambo hili vizuri ni Linda Dégh, mtafiti wa hadithi simulizi, mzaliwa wa Budapest. Umaarufu wake ulianzia kwenye ngano hasa: katika kijiji cha Kakasd, Hungaria, alimsikiliza kwa miaka mkulima mmoja, Bi Zsuzsanna Palkó, fundi wa kutamba ngano. Miaka ya 1960 akahamia Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Huko wanafunzi hawakuwa na wafalme wala majoka. Walikuwa na madaraja yenye mizimu, na mtu mwenye ndoana badala ya mkono, anayevizia wapenzi ndani ya gari. Mwingine angeona ni porojo za vijana. Yeye mwaka 1968 akaanzisha jarida, Indiana Folklore, akavichapa visa hivyo. Hadi alipofariki mwaka 2014 alishikilia kwamba kisakale ni ubishi: mmoja anaapa, wa pili anacheka, wa tatu kanyamaza lakini usiku hapiti njia ile. Kukiamini si sharti. Kubishania ndiko kunakokiweka hai.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, hata ulipocheka ulikuwa ndani ya kisakale. Umechukua tu nafasi ya yule wa pili. Ila usikiite ngano. Anayesimulia mumiani haanzi na "Paukwa!" Huanza na "shemeji yake jirani yetu", na hakuna anayemwitikia "Pakawa."