Ukigeuza saa kuwa miezi, taja ni mwezi upi

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la vipimo yameongezeka, na mengi yanafanana: muda wa dhamana au wa mafunzo umeandikwa kwa saa, mtu kaugeuza kuwa miezi, kisha hesabu za pande mbili zinagongana. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja katumia mwezi wake.

Saa haibadiliki, ni sekunde 3,600 popote ulipo, na sekunde yenyewe tangu mwaka 1967 inafafanuliwa kwa mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu 133. Mwezi ni jambo la kalenda. Februari ina saa 672, au 696 katika mwaka mrefu. Miezi ya siku 30 ina saa 720, ya siku 31 ina 744. Kati ya mfupi kabisa na mrefu kabisa zimo saa 72, yaani siku tatu nzima, na hizo zinatosha kabisa kuzua mgogoro wa dhamana.

Pasipotajwa mwezi maalumu, sisi hutumia wastani. Kalenda ya Gregori hukamilisha mzunguko wake kwa miaka 400 yenye siku 146,097, hivyo mwaka wa wastani una saa 8,765.82 na mwezi una saa 730.485. Gawanya kwa hiyo.

Hati ianze na saa kama zilivyoandikwa awali, ifuate namba uliyogawia, kisha jibu. Usipunguze tarakimu katikati ya hesabu. Punguza mwishoni tu. Hati isiyoonyesha namba iliyogawia hurudishwa bila kusajiliwa. Ikija tena na kasoro ileile, ombi linafungwa, na mhusika hujaza fomu mpya na kupangwa upya kwenye foleni. Hatuwezi kumchagulia namba, hata kama tunaiona iliyo sahihi, kwa sababu kufanya hivyo ni kuamua mgogoro kwa niaba ya upande mmoja.

Jambo jingine tumelieleza mara nyingi mno. Saa 1,000 ni takriban miezi 1.37. Huo si mwezi mmoja na siku 37! Sehemu ya desimali ni ya mwezi, na hapa ni kama siku 11.

Tena, saa za kazi si saa za ukutani. Saa 160 za kazi, kwa saa nane kila siku, ni siku 20 za kazi. Anayegawa kwa 24 anapata siku sita na ushei, na amejipunja mwenyewe. Vivyo hivyo taa ya saa 15,000: ikiwaka mfululizo ni miezi 20 na nusu, ikiwaka saa nane kwa siku inapita miaka mitano. Ndiyo maana swali letu la kwanza dirishani huwa kifaa kinatumika saa ngapi kwa siku. Tafadhali njoo na jibu lake likiwa limeandikwa.