Williamson wa Mwadui hakuokota almasi chini ya mbuyu

Ukikaa Shinyanga utaisikia tu hii stori, mzungu alichoka akajipumzisha chini ya mbuyu, akaparuaparua mchanga, kitu kikang'aa, akawa tajiri. Stori tamu, ila sisi wajiolojia inatuudhi kidogo.

John Williamson alizaliwa Kanada 1907, akasoma jiolojia chuo kikuu cha McGill mpaka akapata udaktari, akaja Afrika kuajiriwa. Kampuni iliyomwajiri ilipoamua kufungasha virago Tanganyika yeye akanunua haki za kamgodi ka almasi ka Mabuki, akaendelea kutafuta mwenyewe kwa hela ya kuungaunga.

Sasa kazi yenyewe ikoje? Almasi huitafuti moja kwa moja, ni chache mno, unatafuta wenzake waliopanda nao toka chini kwenye mwamba wa volkano uitwao kimbalaiti, wenzake hao ni madini mazito, ilmenaiti nyeusi na ganeti nyekundu. Unachekecha changarawe ndani ya maji, unazungusha huku unatikisa, vizito vinashuka vinakusanyana katikati, halafu unapindua chekeche kwa mpigo mmoja na pale juu linatokea duara jeusi kama jicho, hapo ndo unainama na kibanio. Hizo ilmenaiti na ganeti zikizidi kuongezeka na kingo zake hazijasuguliwa na safari, ujue umekaribia. Waliotikisa hayo machekeche walikuwa vibarua wetu, nani anawataja? Machi 1940 Williamson akafika Mwadui, hukohuko Shinyanga.

Na Mwadui ni balaa, kimbalaiti yake ina hekta 146 hivi! Ni volkano ya miaka kama milioni 50 iliyopita ambayo haijamomonyoka sana, kreta yake, yaani shimo la mdomoni, bado ipo, ndo maana ni pana vile. Ila mwamba wenyewe maskini, karati (kipimo cha uzito wa almasi) kama 6 tu kwa tani 100. Kilichomuokoa ni changarawe ya juu, mvua za miaka na miaka zilishaondoa udongo mwepesi almasi zikabaki zimejazana, kwahiyo hata mtu asiye na mtaji wa maana angeweza kuanza.

Almasi ile ya pinki ya karati 54.5 ya mwaka 1947, aliyompa binti mfalme Elizabeth kwenye harusi, ndo inayopigiwa kelele, lakini mgodi uliendeshwa na vialmasi vidogo vidogo. Williamson alikufa Januari 1958 kwa kansa ya koo akiwa na miaka 50, na mwaka huohuo warithi wakauza, kampuni ya almasi ya De Beers na serikali ya Tanganyika wakagawana nusu kwa nusu.