Haremu ni upande wa nyumba

Kwenye kikao cha harusi hivi karibuni mzee mmoja alimtaja jirani yake mwenye wake watatu: "Yule ana haremu pale kwake." Watu wakacheka. Tangu tamthilia za Kituruki zianze kuingizwa sauti za Kiswahili nimelisikia neno hili likitumika hivyo mara nyingi mno, na linaniuma, kwa kuwa kwa asili ni neno la heshima.

Haremu ni sehemu ya nyumba. Katika nyumba ya Kiosmani, yaani ya dola ya zamani ya Waturuki, ikiwa na nafasi, ni upande wa familia, asikofika mwanamume yeyote asiye maharimu wa wanawake wa humo, yaani asiye mume wao wala ndugu wa karibu asiyeweza kuwaoa. Mfanyabiashara mwenye mke mmoja na mama mzee alikuwa na haremu. Na wenye mke mmoja ndio waliokuwa wengi: mwanzoni mwa karne ya 20, wanaume wa Istanbul wenye wake zaidi ya mmoja walikuwa kama 2 tu katika kila 100 waliooa.

Mzizi wa neno tunao wenyewe. Ni ule ule wa Kiarabu uliotupa haramu, maharimu, ihramu ya mahujaji, na Muharamu, yaani Mfungo Nne. Tatizo ni kwamba sikio letu limezoea haramu ya riba na nyama ya nguruwe, basi tukisikia haremu tunanusa dhambi. Mzizi huo una maana nyingine, tena nzito: kitu kisichoguswa ovyo kwa utukufu wake. Msikiti wa Makka unaitwa Masjid al-Haram, na hakuna anayefikiria uchafu. Waosmani waliita Makka na Madina kwa pamoja Haremeyn, haremu mbili. Hata ukumbi wa kuswalia ndani ya msikiti, Waturuki wanauita harim mpaka leo.

Upande wa pili wa nyumba uliitwa selamlık. Ukiondoa mkia unabaki na selam, salamu yetu hii hii. Mkia huo, -lık au -lik au -luk kufuata irabu iliyotangulia, huonyesha mahali au chombo cha kitu: tuz ni chumvi, tuzluk ni kidau cha chumvi. Kwa hiyo selamlık ni mahali pa salamu, anapopokelewa mgeni wa kiume. Huwezi kulielewa neno moja bila mwenzake, na kwenye tamthilia hilo la pili halisikiki kabisa.

Safranbolu, mji wa Uturuki uliotiwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1994, una nyumba za mbao ambamo pande hizo mbili zinaonekana wazi. Ukutani kati yake kuna kabati la duara linalozunguka, dönme dolap. Wanawake wanapanga sahani kwenye rafu, wanalisukuma, linageuka, na chakula kinatokea kwa wageni kikiwa bado cha moto. Mgeni anashiba bila kuuona hata mkono uliompakulia.

Topkapı, kasri la masultani kule Istanbul, ni habari nyingine, na sitaki kuipamba. Haremu ya kasri lile, yenye vyumba zaidi ya 300, ilijaa wanawake waliochukuliwa utumwani, na walinzi wake wengi walikuwa Waafrika waliohasiwa wangali watoto. Lakini hata pale ilikuwa kwanza nyumba ya ukoo: aliyeitawala ni mama wa sultani, Valide Sultan. Mkuu wa walinzi hao, Kızlar Ağası, ndiye aliyesimamia pia wakfu za Makka na Madina. Mtu mmoja, mlinzi wa haremu zote. Picha ya wanawake waliojilaza uchi wakimsubiri bwana ilienezwa na wachoraji wa Ulaya, akiwemo Ingres, Mfaransa aliyechora hamamu, yaani nyumba ya kuogea, ya Kituruki akiwa na miaka zaidi ya 80 na hajawahi kukanyaga Uturuki.

Kikao kilipoisha nilimfuata yule mzee, tukiwa wawili tu. Nikamwambia, "Mzee wangu, haremu hata wewe unayo. Ni pale nyuma ya pazia la sebule yako, ambapo sisi wageni hatupiti."

Akanyamaza kidogo. "Pale anapokaa mama?"

"Hapo hapo."

"Basi yule jirani," akasema, "tuseme tu ana wake watatu."