Hifadhidata ya maktaba haisomi swali lako

Wanafunzi wengi wa chuo huandika swali zima kwenye hifadhidata ya maktaba, kama wafanyavyo kwenye Google. Wakipata makala mbili tatu, wanahitimisha kuwa mada yao haijatafitiwa. Mara nyingi imetafitiwa sana. Ni kwamba hifadhidata nyingi hazikisii unachomaanisha. Hulinganisha maneno yako na yaliyomo kwenye kichwa, ikisiri na faharasa ya makala. Kila neno la ziada linaweza kufukuza makala nzuri.

Basi livunje swali. "Mitandao ya kijamii inaathiri vipi usingizi wa vijana?" lina dhana tatu tu: mitandao, usingizi, vijana. Tafuta visawe vya kila dhana, viunganishe kwa OR ndani ya mabano, halafu unganisha mafungu kwa AND. OR ("au") hupanua matokeo, AND ("na") huyapunguza (wengi hudhani kinyume). Kinyota baada ya shina la neno, kama adolescen*, huleta adolescent na adolescence kwa pamoja.

Hazina ambayo wachache huigusa ni maneno ya somo, yaani maneno rasmi ambayo hifadhidata huipa makala kuonyesha mada yake. Kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, makala za saratani huorodheshwa chini ya "Neoplasms", neno ambalo mgeni wa fani hawezi kulibuni. Ukipata makala moja inayokufaa, tazama imepewa maneno gani ya somo, kisha tafuta upya kwa hayo. NOT, inayoondoa makala zenye neno usilolitaka, itumie kwa uchoyo: hutupa hata makala nzuri iliyolitaja neno hilo mara moja tu.