Oili ya "kilomita nyingi": inatibu nini kwenye gari kuukuu?

Ukiingia duka la vipuri Ngamiani, Tanga, ukaomba oili ya injini ya petroli, unaweza kuwekewa mezani galoni lenye maandishi ya Kiingereza yanayosema ni ya magari yaliyotembea kilomita nyingi. Bei yake imezidi kidogo ile ya kawaida. Ukiuliza tofauti, jibu huwa fupi: hii ni ya magari ya zamani. Jibu si la uongo, ila halimsaidii mnunuzi. Jina la oili hii linataja kilomita, wakati kazi yake kubwa iko kwenye mpira.

Kila mahali ambapo shafti inatokeza nje ya injini, au kipande kimoja cha chuma kinakutana na kingine, pana sili ya mpira au gasketi ya kuzuia oili isitoke. Sili ikiwa mpya ni laini, inabana shafti vizuri. Ikipikwa na joto la injini miaka kumi na tano, ishirini, mpira unakauka, unasinyaa, unakuwa mgumu kama soli ya kiatu kilichosahaulika juani. Nafasi ndogo inapatikana, oili inapita. Oili ya kilomita nyingi imetiwa kemikali za jamii ya esta ambazo huingia ndani ya mpira, zikaulainisha na kuuvimbisha kiasi kidogo sana, kiasi cha kuurudisha ubane tena. Hiyo ndiyo maana yake ya msingi. Mengine ni nyongeza: kwa kawaida hutiwa zaidi sabuni ya kuosha tope la ndani ya injini na dawa ya kupunguza msuguano wa chuma kwa chuma, na nyingi hutengenezwa zisipotee haraka kwa kugeuka mvuke.

Wa kwanza kuipeleka sokoni kwa jina hilo walikuwa Valvoline wa Marekani, mwaka 2000, kwa oili waliyoiita MaxLife. Waliilenga kwa magari yaliyopita maili 75,000, yaani kama kilomita 120,000. Namba hiyo imerudiwa na watengenezaji wengine mpaka leo.

Kwa magari yetu, namba hiyo ni mwongozo dhaifu. Mtumba wa Japani unaweza kufika mita yake inasoma 80,000 ilhali gari lina miaka kumi na minane, na si kila mita ni ya kuaminiwa. Mpira hausomi mita. Huzeeka kwa joto na kwa miaka, hata gari likikaa tu limeegeshwa. Kwa hiyo gari la mwalimu wa Chumbageni linalotoka mara mbili kwa wiki laweza kuhitaji oili hii kuliko teksi yenye kilomita mara mbili yake ambayo bado ni kavu chini. Cha kuangalia ni sakafu unapoegesha, kisha kijiti cha kupimia oili.

Mjomba wangu ana Toyota Carina Ti, anaegesha uani Makorora. Iliacha doa jeusi kila asubuhi. Alipoipeleka gereji, fundi akamwambia, "Mzee, hii injini imechoka, tuiwekee nzito. Tia 20W-50, itaacha kuvuja." Ushauri huu umetapakaa Tanga nzima, na una chembe ya ukweli, ndiyo maana inafaa kuueleza vizuri.

Kwenye 20W-50 au 5W-30, namba ya kwanza inahusu oili ikiwa baridi na ya pili inahusu oili ikiwa moto, kwa kipimo cha nyuzi 100. Namba ya pili ikiwa kubwa, oili inabaki nzito zaidi injini ikichemka. Oili nzito hupita kwa shida kwenye tundu dogo, kwa hiyo doa linaweza kupungua kweli. Lakini mpira umebaki mgumu vilevile. Na uzito una gharama yake: asubuhi oili inachelewa kufika juu kwenye valvu, injini inafanya kazi zaidi kuisukuma, na kwa injini za VVT-i, ambazo hubadili muda wa valvu kwa shinikizo la oili inayopita kwenye vijia vyembamba, mfumo wenyewe unaweza kuvurugika. Oili ya kilomita nyingi inakuja na namba zilezile zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nyingi hukaa upande wa juu wa ngazi yao tu: oili ya 30 inaruhusiwa kuwa na mnato kati ya 9.3 na 12.5, basi hii itasogea karibu na 12 bila kuvuka kuwa 40. Unapata uzito kidogo bila kuiasi injini yako. Kuna vitabu vya Toyota vinavyoruhusu 20W-50 kwa nchi za joto. Kama chako kinaruhusu, fundi hajakosea. Kama hakiruhusu, usikubali.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaowatoa watu pesa bure. Oili haiwezi kurudisha chuma kilicholika. Ringi za pistoni zikiisha, oili inapanda kwenye chumba cha kuunguzia na kutoka kama moshi wa buluu kila ukikanyaga mafuta. Galoni lolote utakalotia halitabadili hilo. Hapo ni kushusha injini. Sili za valvu nazo hutoa moshi wa buluu, lakini tabia yake ni tofauti, na barabara ya Lushoto inaifichua vizuri kuliko gereji yoyote. Ukiteremka kutoka Soni mguu ukiwa nje ya mafuta, gia ndiyo inayolishika gari, injini inavuta hewa kwa nguvu huku mlango wa kuingizia hewa umefungwa. Mvuto huo unanyonya oili kupitia sili za valvu zilizokauka. Ukifika tambarare ya Mombo ukakanyaga, wingu moja la buluu linatoka nyuma, halafu linakwisha. Ukiona hivyo, au ukiona moshi kidogo asubuhi unapowasha tu, tatizo lako ni la mpira, na oili ya kilomita nyingi ina nafasi ya kusaidia.

Katikati ya hizo mbili kuna ringi ambazo hazijalika bali zimegandishwa na uchafu. Injini ya Toyota ya 1ZZ-FE, iliyofungwa kwenye Spacio, Premio na Allion za 1.8, inajulikana kwa hilo hasa kwa zile za mwanzo: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yakaziba, na ringi ya oili ikashikamana. Sabuni ya ziada inaweza kulegeza kiasi, polepole, kwa mizunguko kadhaa ya kumwaga oili. Inaweza pia isilegeze.

Kabla ya kununua chochote, pima. Jaza oili mpaka alama ya juu, andika kilomita, kisha endesha. Kwenda Dar na kurudi ni kama kilomita 700, kipimo kizuri kabisa. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya juu hadi ya chini ya kijiti ni karibu lita moja. Vitabu vingi vya Toyota vinaweka ukomo wa lita 1 kwa kila kilomita 1,000. Ukiwa umefika hapo, ndani ya kilomita 5,000 utakuwa umeongeza lita tano, wakati injini yenyewe haichukui hata nne. Gari la namna hiyo halina haja ya oili ghali, lina haja ya fundi wa injini. Lakini ukiwa unaongeza robo lita au nusu, na chini pana unyevu tu, hapo tofauti ya bei inalipa.

Mwambie fundi akague pia valvu ya kupumulia injini, PCV. Ni kifaa cha bei ndogo. Ikiziba, shinikizo hujaa ndani ya injini na kusukuma oili nje, na kamba hukatikia pabovu: inatokea kwenye sili iliyochoka kuliko zote. Nimeona watu wakilaumu sili, wakazibadilisha, zikavuja tena.

Ukiamua kuitumia, ipe muda. Mpira haulainiki kwa siku mbili. Subiri kilomita elfu moja au mbili ndipo uamue. Inachanganyika na oili ya kawaida bila madhara, na ukitaka kurudi kwenye ya kawaida hakuna litakaloharibika. Sili iliyopasuka haitaiponya, na gari lisilovuja wala kula oili halitapata faida kubwa kwayo. Gari kama hilo nalionea afadhali oili ya kawaida ya namba sahihi, imwagwe kwa wakati pamoja na filta, kuliko oili ya kilomita nyingi inayoachwa mpaka iwe lami. Na iwe oili halisi. Kagua kizibo na alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, na ukishamimina, toboa galoni tupu kabla ya kuliacha gereji, maana galoni zima lenye nembo nzuri linaweza kurudi dukani na oili chafu iliyochujwa.

Carina ya mjomba ilikutwa na mambo mawili. Gasketi ya kava ya tapeti ilikuwa imekatika, ikabadilishwa siku ileile. Sili ya nyuma ya krankshafti ilikuwa inalowana tu, na kuibadilisha ni kushusha gia boksi, kwa hiyo hiyo ndiyo iliyowekewa oili ya kilomita nyingi, 10W-30. Mjomba akatandika kadibodi chini ya injini na kuandika tarehe pembeni ya kila doa. Madoa yalianza kupungua baada ya mwezi na kitu. Bado yapo mawili matatu kwa wiki, madogo kama punje za kunde, na kijiti hakishuki tena kati ya kumwaga oili na kumwaga oili.